NAKALA SI UONGO

Wengi wenu mnaukumbuka mdahalo wa Chama cha Kiswahili wa muhula wa pili, ambao hoja yake ilikuwa "Kitu cha nakala hakina thamani". Mimi nilikuwa msemaji wa pili upande wa upinzani. Tulishindwa. Tulishindwa vibaya, na sitaki kusingizia kengele, ingawa kwa kweli ililia nikiwa bado nimesimama na karatasi yangu mkononi.

Aliyetumaliza ni dada mmoja wa Kidato cha Nne. Aliinuka na kitabu kikubwa, akakifungua mbele ya umati, akatuonyesha picha ya droo ya makumbusho fulani huko Ulaya. Ndani ya droo mlikuwa na vidude vyeupe vya duaradufu, vimepangwa safu safu kama maandazi kwenye sinia, kila kimoja na namba yake. "Hizi," akasema, "ni nakala za plasta za vito vya Wayunani na Warumi wa kale. Vito vyenyewe havimo! Wazungu wamefungia chokaa kabatini, wakaiita hazina!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mwenyekiti alicheka, naye hakupaswa. Kura zilipopigwa tulipata tisa tu. Na tangu siku hiyo kuna watu, sitawataja, ambao wakiniona kwenye foleni ya chakula cha mchana wananiita "Plasta".

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikwenda maktabani, nikamsumbua mwalimu wa historia, nikasoma habari za vile vidude vyeupe mpaka nikaanza kuviota. Na sasa nasema wazi bila kuogopa foleni: dada yetu alichagua mfano mbaya. Kama kuna nakala yoyote duniani ambayo haistahili kuchekwa, basi ni ile ya plasta aliyotuonyesha.

Hebu kwanza tujue vito vyenyewe ni nini. Wayunani, na baadaye Warumi, walikuwa na mafundi waliochonga picha ndogo kwenye mawe magumu, hasa akiki na mawe ya ukoo wake. Akiki hata sisi tunaijua: ni lile jiwe jekundu linalowekwa kwenye pete, na watu wa pwani wanaliheshimu tangu zamani. Jiwe lile ni gumu kiasi kwamba kisu cha chuma hakiliwezi. Fundi alitumia keekee nyembamba yenye ncha iliyopakwa mafuta na unga wa jiwe gumu zaidi, akawa anasaga polepole, tone kwa tone, mpaka picha ikatokea. Picha nyingine zilitokeza juu ya jiwe, lakini nyingi zilichimbwa kuingia ndani. Na picha yenyewe ni ya nini? Ni ngano zao. Herakles akimkaba simba. Medusa mwenye nywele za nyoka. Mashujaa wa vita vya Troy. Miungu na wapenzi wao, ambao wengi hawana nguo, na mhariri ameniomba nisizidi hapo.

Sasa jamani, kwa nini fundi achimbe picha kuingia ndani, mahali ambapo huioni vizuri mpaka uligeuzegeuze jiwe kwenye mwanga? Hapa ndipo dada yetu alipoteleza. Alichimba kuingia ndani kwa sababu jiwe lilikuwa muhuri! Mwenye pete aliandika barua, akadondosha nta au kuweka udongo laini, akagandamiza jiwe lake, na pale kwenye nta picha ikainuka. Kaisari Augustus alikuwa na mihuri ya namna hiyo, na wa mwisho ulikuwa na sura yake mwenyewe, kazi ya fundi Dioskourides. Akiki ilipendwa pia kwa sababu nta haigandi juu yake, huachia kwa urahisi.

Yaani fundi alipokuwa akichonga aliwaza kinyumenyume. Mkono wa kulia aliuchonga kushoto. Jina lake, kama aliliandika, aliliandika kuanzia mwisho. Alijua kwamba atakayeisoma kazi yake ataisoma kwenye nta. Basi niambieni, ipi ni picha halisi, ile iliyo kinyume ndani ya jiwe, au ile iliyosimama sawasawa kwenye nta?

Mkitaka mfano wa karibu, chukueni muhuri wa shule ulioko ofisini. Ukiutazama ule mpira wenyewe, maandishi yako kinyume, hata jina la shule yako hulijui. Kinachotambulika ni wino ulioachwa kwenye karatasi. Nani kati yetu ameshawahi kufika getini na barua ya ruhusa, mlinzi akamwambia, "Hii ni chapa tu, niletee muhuri wenyewe"? Hakuna. Anachotaka mlinzi ni chapa, na bila chapa hutoki. Nakala ya plasta ya kito ni ile ile chapa, ila imefanywa kwa kitu kinachodumu kuliko nta.

Na kuifanya si kazi ya uganga. Unakoroga unga wa plasta na maji, ndio ule ule unaofungwa mkono uliovunjika hospitalini, unamimina juu ya kito, unangoja ukauke, unabandua. Wengine walitumia salfa iliyoyeyushwa na kutiwa rangi nyekundu. Chapa ikishakauka waliizungushia ukanda wa karatasi, wakaiandika namba kwa wino, wakaipanga kwenye sanduku. Masanduku mengine yalitengenezwa mfano wa vitabu vikubwa. Ukiyaona rafuni unadhani ni vitabu, ukifungua unakuta miungu imelala.

Nije sasa kwa jambo ambalo ningelisema siku ile kama kengele isingelia. Vito halisi vilikuwa kwa nani? Vilikuwa kwa wafalme, mapapa, makabaila na matajiri wa Ulaya. Mwanafunzi wa kawaida angeviona wapi? Mlangoni tu asingefika. Ndipo katika karne ya 18 alipotokea Philipp Daniel Lippert, aliyezaliwa mwaka 1702 na kuishi Dresden huko Ujerumani. Huyu hakuwa mwana wa kabaila. Alianza maisha akifunzwa kazi ya vioo, baadaye akawa mwalimu wa kuchora. Alikusanya chapa za vito kutoka pembe mbalimbali za Ulaya, akafanya nakala nyeupe ngumu, akaziuza kwa seti pamoja na maelezo yaliyochapishwa. Toleo lake la Kijerumani la mwaka 1767 lilikuwa na nakala 2,000: elfu moja za ngano za miungu na mashujaa, elfu nyingine za historia. Mwaka 1776 akaongeza nyingine 1,049. Walimu na vyuo wakanunua. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa darasani aliweza kuinua sanduku, akaweka mezani mambo ambayo mwenye jumba la kifalme hakuwa nayo, kwa sababu mfalme alikuwa na vito vyake tu, na sanduku lilikuwa na vya wote.

Huko Uskoti naye akatokea James Tassie, aliyezaliwa mwaka 1735 Pollokshaws karibu na Glasgow, ambaye alianza kama mwashi wa mawe. Mwashi! Alikwenda Dublin mwaka 1763, akakutana na daktari aliyeitwa Henry Quin, na wawili hao wakagundua namna ya kutengeneza kioo maalumu kinacholainika kwa moto na kushika kila mstari wa kalibu. Mwaka 1766 Tassie akahamia London akaanza kunakili vito vya watu. Wenye vito walimwamini, wakamwachia achukue chapa. Katerina wa Pili, malkia wa Urusi, akaagiza seti nzima ya kazi zake, maelfu kwa maelfu, pamoja na makabati ya kuziwekea. Mnasikia? Malkia aliyekuwa na uwezo wa kununua vito halisi, tena alivinunua kwa wingi, bado alitaka nakala. Alicheka nani hapo?

Orodha ya nakala za Tassie ilichapishwa mwaka 1791 ikiwa na vitu 15,800. Aliyeiandika ni Mjerumani aitwaye Rudolf Erich Raspe, na hapa siwezi kujizuia nisiseme kidogo habari zake. Raspe alikuwa mtunzaji wa mkusanyiko wa mtawala wa Kassel, akaiba vitu alivyokabidhiwa, akatorokea Uingereza mwaka 1775. Ndiye pia aliyetunga kitabu cha visa vya Baron Munchausen, yule mwongo maarufu kuliko wote. Kwa hiyo orodha kubwa ya nakala iliandikwa na mwizi aliyekuwa bingwa wa kutunga uongo! Wapinzani wangu watasema, "Unaona?" Nami nasema, ngojeni kwanza. Raspe aliiba vya asili. Katika nakala alifanya kazi ya kweli, aliandika kila kipande ni nakala ya jiwe gani na jiwe lenyewe liko kwa nani. Orodha yake inatumika hata leo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Nakala na uongo si kitu kimoja. Nakala hukuambia, "Mimi si yule, mimi ni kivuli chake." Uongo husema, "Mimi ndiye." Na uongo unaweza kabisa kukaa ndani ya jiwe la thamani. Msiponiamini, sikilizeni kisa cha Stanisław Poniatowski.

Huyu alikuwa mwana wa kifalme, mpwa wa mfalme wa mwisho wa Poland. Alizaliwa mwaka 1754, akaishi miaka mingi Italia, akafa Florence mwaka 1833. Alijulikana kuwa na mkusanyiko wa vito kama 2,500, vyote mawe halisi, vikiwa na picha za ngano alizosimulia Homer, Virgil na Ovid. Vingi vilikuwa na sahihi za mafundi wakubwa wa kale, akiwemo Dioskourides yule wa Augustus. Fikirieni! Wataalamu walijua kazi chache mno za Dioskourides, na bwana huyu anazo tele. Lakini hakupenda watu wavitazame kwa karibu. Alipokufa vikapelekwa mnadani London mwaka 1839. Bwana mmoja, John Tyrrell, akajipatia zaidi ya 1,000. Kumbe! Havikuwa vya kale hata kidogo. Vilikuwa vimechongwa na mafundi wa Roma wa wakati ule ule wa Poniatowski, sahihi za kale zikaongezwa juu. Fujo ikazuka magazetini, Tyrrell akavitetea vito vyake kwa nguvu zote, lakini bei ilishaanguka na vito vikatawanyika huku na huko.

Basi pima mwenyewe, msomaji. Huku kuna akiki halisi, ngumu, inayong'aa, iliyochongwa kwa mkono hodari, nayo inasema uongo. Huku kuna kipande cha plasta cha bei rahisi, nacho kinasema kweli. Ukiambiwa uchague shahidi utamchagua yupi?

Na kisa hakikuishia hapo. Baada ya kutawanyika, watu hawakujua tena kito gani cha Poniatowski kiko wapi. Miaka mingi baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaanza kuvitafuta, na walichoshika mkononi kuwaongoza ni nini? Plasta! Kuna seti ya chapa iliyohifadhiwa Berlin, na kuna chapa alizofanyiza Tyrrell mwenyewe. Kito kikitokea mnadani leo, wanakilinganisha na chapa, wanasema hiki ndicho, tumekipata. Ajabu nyingine ni kwamba leo vito vyenyewe vinapendwa, kwa kuwa watu wamekubali kuviona jinsi vilivyo, kazi nzuri ya mafundi wa karne ya 19. Vilidharauliwa vilipodai kuwa vya Dioskourides. Viliposhushwa hadhi ya uongo vikapata hadhi yao.

Hata vito vya kweli vya kale vimeokolewa na nakala. Ukoo wa makabaila wa Marlborough huko Uingereza ulikuwa na vito zaidi ya 700. Mwaka 1875 vikauzwa vyote kwa mtu mmoja, na mwaka 1899 vikauzwa tena, safari hii kimoja kimoja, vikatapakaa duniani. Vingine vinajulikana vilipo. Harusi ya Cupid na Psyche, yenye sahihi ya Tryphon, iko Boston kule Marekani. Kile cha Felix kiko Oxford. Lakini vingi vimepotea, labda viko kwenye sanduku la bibi fulani asiyejua ni nini. Kinachotuwezesha leo kujua vilifananaje ni chapa zilizochukuliwa kabla havijauzwa. Mwenye mali ameipoteza mali, na chokaa iliyochekwa imeitunza.

Nimekitaja kile cha Felix, na ni lazima nikieleze, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nipende mambo haya. Kina upana usiofika sentimita 4. Kinaonyesha usiku ambao Diomedes na Odysseus waliingia Troy kuiba sanamu takatifu iliyokuwa ikiulinda mji, maana ilitabiriwa kwamba Troy haitaanguka sanamu ile ikiwa bado imo ndani. Diomedes anashuka kutoka madhabahuni, sanamu mkono mmoja, upanga mkono mwingine. Mbele yake Odysseus amenyoosha mkono, anaelekeza chini, na kule chini, pembeni kabisa, unaona miguu. Miguu ya mlinzi aliyeuawa. Ni kana kwamba Odysseus anauliza, "Ulilazimika kumwua?" Nilitazama picha ya jiwe lenyewe, ambalo ni la rangi iliyoiva, sikuiona ile miguu. Nilipotazama picha ya chapa nyeupe ndipo nilipoiona, nikashtuka kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Plasta haina rangi ya kukuvuta, kwa hiyo macho yanabaki na kazi moja tu, kufuata umbo.

Siwezi kusema nakala haina upungufu. Msemaji mwenzangu alijaribu kusema hivyo siku ile na ndiyo maana alizomewa. Plasta haikuonyeshi jinsi mwanga unavyopita ndani ya akiki mpaka jiwe likawa kama kaa la moto. Haina ubaridi wa jiwe kidoleni. Ukitaka kujua kito ni cha kale kweli au cha jana, mtaalamu huhitaji kulitazama jiwe lenyewe, mikwaruzo yake na alama za keekee, kwani chapa ya kito cha uongo hutoka nzuri sawa na chapa ya kito cha kweli. Haya nayakubali. Siku nikijaliwa kufika Oxford nitataka kuliona jiwe la Felix kabla sijakunywa hata chai.

Lakini mpaka siku hiyo ifike, jamani, mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Nikitoka hapa jioni napanda matatu kwenda nyumbani, si ndege. Ngano za watu wa mbali zimenifikia kwa picha ya chapa ya jiwe, yaani nakala ya nakala, na bado ile miguu nimeiona. Dada yetu wa Kidato cha Nne naye alitushinda kwa kutumia picha iliyochapwa kitabuni, nakala nyingine hiyo! Hakuileta droo yenyewe ukumbini. Ajabu ni kwamba siku ile hakuna aliyeliona hilo, hata mimi, mpaka usiku nikiwa kitandani.

Nimekwisha mwomba mwenyekiti hoja ile irudiwe muhula ujao, na hajakataa. Safari hii sitakuja na karatasi. Nitakuja na kipande cha sabuni, mshumaa, kibiriti na shilingi ishirini. Nitaigandamiza sarafu kwenye sabuni mbele yenu nyote, mtaona shimo tu na ndovu aliyegeuka upande wa pili. Kisha nitamimina nta, tungoje dakika chache igande, nibandue. Dada yetu ndiye nitakayemwita aje mbele aseme ameona nini. Sabuni nimeshanunua. Shilingi ishirini bado natafuta wa kuniazima.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu